Unakwenda kwa Nani?

Kwetu mtu akiaga safari huulizwa maswali mawili. La kwanza ni la adabu: unakwenda wapi? La pili ndilo lenye uzito: unakwenda kwa nani? Ukijibu kwamba unakwenda kwa shangazi, kwenye msiba, kwenye harusi, hospitali, au kufuata mzigo, maswali yanakwisha na watu wanakutakia heri. Ukijibu kwamba huendi kwa mtu yeyote, unakwenda tu kuuona mji kwa siku tatu halafu urudi, utaona uso wa anayekuuliza ukibadilika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Tabora, mama wa makamo, na kwa miaka kadhaa sasa shule zikifungwa huwa ninapanda basi au treni kwenda mji mmoja ambako sina ndugu. Ninalala usiku mbili tatu, ninatembea, ninasali Jumapili katika kanisa lolote nitakalolikuta, kisha ninarudi. Usharikani kwetu jambo hili halikupita kimya. Mama mmoja aliniuliza taratibu kama nyumbani kuna tatizo. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye ninamheshimu sana na ninajua alisema kwa upendo, aliniambia kwamba mwanamke anayesafiri bila mwenyeji anamjaribu Mungu.

Kumjaribu Mungu si neno dogo. Shetani alimpandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu akamtaka ajirushe, eti malaika watamdaka, na Bwana akakataa. Mtu anayeondoka kwake bila wa kumpokea, akitumaini tu kwamba watu wema watatokea njiani, ana tofauti gani na anayejirusha? Tena kuna upande ambao mzee wangu hakuutaja, nao ndio unaonisumbua zaidi. Hao watu wema hawakuniita. Wana watoto wao na madeni yao. Maskini anayebisha hodi usiku hana budi. Mimi nina mshahara, mdogo lakini upo, na nimechagua mwenyewe kwenda. Kwa nini niwaongezee watu mzigo kwa safari isiyo ya lazima?

Swali hili nimetembea nalo miji mingi, lakini Kigoma ndiko lilikonibana. Labda ni kwa sababu Kigoma ndio mwisho wa reli. Reli ya Kati ilifika pale mwaka 1914, na tangu hapo treni ikifika haina pa kwenda tena, mbele ni ziwa. Abiria wote mnashuka. Wenye wenyeji wanapokewa mizigo, wanakumbatiwa, wanaondoka. Baada ya robo saa anabaki yule asiye na mtu.

Kutoka Tabora ni kilomita kama 400. Ndani ya behewa mtu hakai peke yake hata akitaka. Kabla hatujafika Urambo nilikuwa nimekwisha kupakatishwa mtoto wa mwenzangu ili mama yake ajinyooshe, na kabla ya Uvinza mtu mwingine alikuwa amelinda begi langu nilipokwenda msalani. Kulindiana begi ni jambo ambalo tumelizoea mno hata hatulioni. Unamwambia mtu usiyemjua jina, "Dada, niangalizie," unaondoka. Hakuna risiti. Ukirudi, begi lipo.

Jioni ya kwanza nilitembea sokoni Mwanga, nikachelewa kidogo, giza likaanza kuingia. Kijana mmoja alianza kunifuata akisema atanionyesha mji. Nilimshukuru nikamwambia hapana. Akaendelea. Nilipoharakisha naye akaharakisha, akashika mkanda wa mkoba wangu, bado akitabasamu. Kabla sijajua nifanye nini, mama mmoja aliyekuwa nyuma ya chupa zake za mawese alipaza sauti, "Wewe dada! Tangu saa tisa tunakungoja hapa, mtoto analia, unazurura tu!" Sikuwahi kumwona maishani mwangu. Nikamjibu, "Nisamehe dada, nilipotea," nikaenda nikaketi juu ya ndoo aliyonisukumia kwa mguu. Kijana akapotea katikati ya watu.

Nilikaa pale mpaka akafunga biashara. Nilinunua chupa moja ya mawese. Alinitajia bei ile ile aliyowatajia wengine na kunirudishia chenji yangu yote. Kisha akamwita mwanawe anisindikize hadi nyumba ya wageni. Nilipotoa noti nimpe kijana ya soda, mama akanizuia mkono. "Akikuuliza mtu hapa mjini unakaa kwa nani, sema kwangu."

Sikulala mapema usiku ule. Kwanza ni hofu, na sitaki kuipamba. Dada anayesoma hapa asidhani ninamwambia aende popote, saa yoyote, Mungu atamtuma mama wa mawese. Wapo waliopiga kelele sokoni na hakuna aliyegeuka. Mzee wangu wa kanisa alikuwa na haki ya kuogopa kwa niaba yangu. Lakini jambo la pili lililonikosesha usingizi ni ile noti iliyorudi mkononi mwangu. Ningelala vizuri zaidi kama ingepokelewa, na nikajiuliza ni kwa nini.

Nadhani ni hivi. Fedha humaliza deni, na kwa Kiswahili chetu kumaliza deni na mtu ni karibu sawa na kumalizana naye. Ningemlipa yule kijana, tungekuwa tumemalizana, mimi na mama yake pia. Ningerudi Tabora nikiwa mteja aliyepata huduma nzuri. Sasa nimerudi nikiwa na deni kwa mtu ambaye huenda nisimwone tena, na deni hilo haliishi. Kanisani tunafundishwa kutoa tangu Shule ya Jumapili. Tuna bahasha za kutoa, wiki ya kutoa, semina za kutoa. Sikumbuki nimewahi kusikia mahubiri juu ya namna ya kupokea.

Hata lile neno la Waraka kwa Waebrania, kuhusu watu waliowakaribisha malaika pasipo kujua, tunalisoma tukiwa tumesimama ndani ya nyumba. Sisi ndio wenye mlango. Mgeni yuko nje, na swali ni kama tutamfungulia. Lakini katika Mathayo 25 Bwana anajihesabu upande wa nje wa mlango: yeye ndiye mgeni, yeye ndiye mwenye njaa. Kando ya kisima cha Samaria alianza kwa kuomba maji, na mwanamke alishangaa, kwa kuwa Wayahudi hawakuwa na desturi ya kuomba kitu kwa watu wake. Na katika Luka 10 alipowatuma wale sabini aliwakataza mkoba, mfuko na viatu, akawaambia wakae katika nyumba watakayopokewa na kula watakachopewa. Yule aliyelisha maelfu hakushindwa kuwafungia mikate ya njiani. Aliwatuma makusudi wakiwa watu wanaohitaji chakula cha jioni. (Wazee wangu watanikumbusha kwamba aliwatuma wawili wawili. Ni kweli, na kwa hilo sina jibu.)

Siku ya pili nilikwenda Kibirizi, ufuoni kaskazini ya mji, zinakotoka boti za Gombe na za vijiji vya mpakani. Kule Gombe ndiko Jane Goodall alikofika mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Jambo moja katika habari yake hunichekesha. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walikataa binti Mwingereza akae msituni peke yake, basi alikuja na mama yake, Vanne. Kumbe swali letu la "na nani?" waliuliza hata wao! Na mama yule hakukaa bure kumlinda binti. Alikuwa akiwapa wavuvi wa ufuo ule dawa alizokuwa nazo. Nadhani ndiye aliyekuwa mgeni mwerevu zaidi kati ya wawili hao, maana alifika na kitu mikononi, lakini kitu cha kumsogeza karibu na watu.

Nilipokuwa nimekaa Kibirizi juu ya gogo, nahodha mmoja wa boti alinionyesha kwa kidole upande wa Kagunga. Msomaji wa Kigoma hahitaji kuambiwa habari ya Kagunga, lakini wa mbali anahitaji. Ni kijiji kwenye mpaka wa Burundi, mbele yake ziwa, nyuma yake milima. Mwaka 2015, machafuko yalipoanza Burundi, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia pale. Walilala nje, maji safi hayakutosha, kipindupindu kikaingia. Meli ya MV Liemba ikawa inawasomba mpaka Kigoma, ambako walipokelewa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu. Meli ile ilitengenezwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa papa hapa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915 kwa ajili ya vita. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza wakaiibua na kuirudisha kazini mwaka 1927. Baada ya miaka mia moja ikawa inabeba akina mama wenye vifurushi vichwani, nao hawakuwa wanakwenda kwa mtu yeyote.

Mbele ya watu hao safari yangu ilinionekania ndogo sana. Mimi nikikosa wema wa mtu, ninayo nauli ya kurudi, nina kitambulisho, nina simu yenye salio. Nikichoka kuwa mgeni ninaacha. Yule mama wa Kagunga hakuweza kuacha. Kwa hiyo nilijiuliza kama si kiburi kuuita unyonge wangu wa siku tatu kwa jina lile lile. Nahodha hakuwa na muda na falsafa zangu. Alisema tu kwamba siku zile wapo wenyeji waliogawa unga, na wapo waliopandisha bei ya maji, na wakati mwingine alikuwa ni mtu yule yule, asubuhi anagawa, jioni anauza ghali. Nimelishika neno hilo. Tunapenda kuwagawa watu kuwa wakarimu na wachoyo. Nahodha aliona mtu mmoja, amechoka, mlango wake umegongwa mara mia.

Siku ya tatu nilipanda daladala kwenda Ujiji, safari fupi kusini ya mji. Nilishuka kwenye kumbukumbu ya Livingstone, penye jiwe lililochongwa ramani ya Afrika na msalaba juu yake, chini ya miembe iliyokuwa imejaa matunda, maana ilikuwa Desemba. Hapo ndipo Stanley alipomkuta mwaka 1871. Vitabu vya shule vilitufundisha Livingstone kama msafiri wa peke yake, mzungu mmoja katikati ya pori. Mambo yaliyompata kwenye mji huu yanasema vingine. Mara ya kwanza alifika Ujiji Machi 1869 akiwa mgonjwa hoi, amebebwa kwa machela katika msafara wa Mohamad Bogharib, mfanyabiashara Mwarabu aliyemuuguza njiani. Mara ya pili, Oktoba 1871, alifika kwa miguu amechakaa, akakuta bidhaa zake alizoletewa kutoka pwani zimeuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa. Alibakiwa na nguo chache tu za kununulia chakula. Siku chache baadaye Stanley akatokea. Na alipokufa Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ni Susi na Chuma na wenzao walioubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, safari ya miezi kama tisa. Mtu huyu alibebwa akiwa hai na akabebwa akiwa maiti.

Kinachonikwaza, na ninaandika ili kinikwaze mbele yenu, ni yule Bogharib. Biashara ya misafara ile ilikuwa pembe na watumwa. Ujiji ulikuwa kituo kwenye njia yao, na wengi waliopita chini ya miembe ya mji huu walikuwa wamefungwa. Livingstone aliichukia biashara hiyo kwa moyo wote. Miezi michache kabla ya kufika Ujiji mara ya pili alikuwa ameona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni Nyangwe. Na bado, mara nyingi, aliishi kwa uji uliotoka kwenye vyungu vya wafanyabiashara hao. Je, angekataa? Angekufa mapema, na maandishi yake juu ya Nyangwe yaliyowaamsha watu Ulaya yasingekuwapo. Je, alipokubali alinunuliwa? Maandishi hayo hayo yanaonyesha kwamba hapana, maana hakunyamaza. Ninaona hapa jambo gumu kuliko kuwapokea wageni: kupokea wema wa mtu bila kumwongopea moyoni, bila kusema ni mwema kabisa kwa kuwa alinifanyia wema, na bila kuutupa wema wake kwa kuwa mikono ina damu. Pia inanisaidia kuelewa kwa nini nasema ni neema mgeni kupokewa kwenye ufuo huu. Wazee wa watu hawa walikuwa na sababu zote za kumwogopa kila aliyetokea njia ya mashariki bila mwenyeji.

Kutoka pale niliteremka mpaka ziwani. Akina mama walikuwa wameanika dagaa mchangani, eneo kubwa linang'aa kama bati. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka upande wa Kongo. Dagaa walioanikwa wakinyeshewa, kazi ya usiku mzima wa wavuvi na fedha ya mtaji vinaoza pamoja, na kila aliyekuwa ufuoni alijua hivyo isipokuwa mimi. Nilikuwa nimesimama ninatazama maji. Bibi mmoja mwenye ushungi alinipigia kelele, "Wewe mwenye mkoba! Unangoja nini? Shika huko!" Akanirushia pembe moja ya turubai. Nikauacha mkoba mchangani, nikashika. Tulikusanya, tukafagia kwa mikono, tukajaza magunia. Akiwa ameinama aliuona msalaba mdogo shingoni mwangu, akacheka, "Omba na wewe, mwanangu, tukiomba wote mvua itashindwa." Mvua ilishinda, lakini gunia la mwisho lilikuwa limekwisha kuingia bandani.

Tulikula ugali wa muhogo na dagaa wabichi kwa mawese, sinia moja, wanawake sita. Mkoba wangu uliletwa na mtoto, umelowa, kila kitu kimo. Baada ya kula nilifanya kama ninavyofanya daima, nikauliza chakula ni kiasi gani. Bibi alinitazama kama mtoto aliyesema neno baya bila kujua maana yake. "Ukinilipa nitakuwa nimekuuzia," alisema. "Mimi nauza dagaa, siuzi ugali."

Nikasema, "Shikamoo mama, basi nisaidie, maana deni hili litanilemea." Nilisema kwa utani lakini nilimaanisha. Na hapo nadhani ndipo swali langu la kuwa mzigo lilipoanza kufunguka. Mgeni ni mzigo anapokuja na mikono mfukoni, anakula, anatazama, anapiga picha, anaondoka. Fedha yake haibadilishi hilo. Yule bibi hakuniuliza ninatoka wapi wala nina dini gani kabla ya kunirushia turubai. Alinihitaji kwa dakika kumi, na kwa dakika hizo nilikuwa na mwenyeji kuliko siku zote za likizo yangu. Mzee wetu wa kanisa anataka niwe na wa kunipokea kabla ya kuondoka nyumbani. Mimi sasa ninajiuliza zaidi kama niko tayari, nikifika, kutumwa.

Maana bibi alinituma. Aliuliza ninarudi lini na kwa njia gani. Aliposikia Tabora, aliingia bandani akatoka na mfuko wa salfeti umeshonwa mdomo kwa kamba. Binti yake ameolewa Tabora, ana mtoto mchanga. Nimpelekee dagaa. Aliniandikisha namba ya simu ya binti, hakuandika yangu. Hakuniuliza jina langu la pili. Katika mji ambao mali ya Livingstone iliuzwa na aliyekabidhiwa, nilikabidhiwa dagaa wa karibu kilo kumi na mtu aliyenijua kwa muda wa mvua moja.

Harufu ilijaa behewa zima. Kuanzia Uvinza abiria walianza kunitania, na mmoja alitaka kununua nusu, akapandisha bei mara mbili. Nilimwambia si wangu. Usiku nililala nimeweka miguu juu ya mfuko. Asubuhi, kituoni Tabora, msichana mwenye mtoto mgongoni alikuwa amesimama penye geti akiangalia kila anayeshuka, na alipouona mfuko alinijua. Aliupokea, akaupima kwa mkono, akauweka chini. Kisha akanishika begi langu bila kuuliza, akasema nyumba iko karibu, chai iko tayari, na mama alipiga simu mara tatu usiku kuulizia kama nimefika salama.